Manjano ni Salama

Jumapili, 6 Aprili

Daftari hili si langu. Ni la wagonjwa wa mwanangu. Limechorwa safu mbili, moja ya tarehe na moja ya rangi, na kila mgonjwa anatakiwa aandike neno moja tu kwa siku. Madaftari yamechapishwa sitini na mawili na wagonjwa ni sitini, na mie sioni kwa nini daftari zuri namna hii lioze kabatini. Masika yashaanza, wateja wa kushona hawaji, nafasi nnayo.

Basi habari kubwa kwanza. Mwanangu Nusrat, niliyemzaa mie Zeyana niliyeishia kidato cha pili, ametengeneza nukta. Wenzake kazini wako sita, lakini nukta ni yake. Ndogo kama kifungo cha shati. Inakaa ndani ya bendeji, juu ya kidonda, na bendeji ina kidirisha cha plastiki cha kuitazamia. Wao wanaiita kitambuzi. Kidonda kikiwa kizuri, nukta ina rangi ya manjano. Vijidudu vikianza kuzaana inageuka buluu, siku mbili tatu kabla ya usaha na harufu. Nilimuuliza inajuaje. Akanambia maji ya kidonda kinachopona yana ukali kidogo kama wa ndimu, vijidudu vikiingia yanageuka, yanakuwa kama maji ya sabuni, na nukta inaihisi hiyo sabuni. Mtoto wangu huyo. Alikuwa akilia akipelekwa chuoni kusoma Kurani.

Na karatasi ya maelezo nimeiandika mie. Nusrat alikuwa ameandika: "Endapo kitambuzi kitaendelea kuonesha rangi ya manjano, hali ya jeraha inaashiria usalama." Nikamuuliza, hii khutba anasomewa nani? Nikachukua kalamu.

MANJANO NI SALAMA. BULUU, NJOO HARAKA.

Akaisoma. "Mama, si imekuwa fupi mno?"

"Fupi ndiyo inayosomwa."

Ikachapishwa hivyo. Watu sitini wa Unguja na Pemba wanasoma maneno yangu. Nimelisema hilo pale kwenye ngazi, kwa sauti ya kutosha, ili anayekaa chini alisikie.

Anayekaa chini ni wifi yangu Mardhiya, dada wa marehemu mume wangu. Tuko nyumba moja hapa Mkunazini mwaka wa thelathini na moja huu, yeye chini, mie juu, na sikumbuki kama tumewahi kula sahani moja. Siku ya harusi yangu aliwaambia wanawake wenzake kwamba kaka yake kaokota mke dukani Mlandege pamoja na vitambaa. Baba yangu alikuwa muuza vitambaa. Sijasahau, na sikusudii kusahau.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Ndoo tatu chumbani, moja ukumbini.

Alkhamis, 10 Aprili

Pande la ukuta limemwangukia Mardhiya mguuni, chokaa ya zamani iliyoshiba maji. Nilisikia kishindo, kisha nikasikia jina langu. Hakumwita Mungu, kaniita mie.

"Zeyana, umeniua na maji yako."

Maji yangu yapi? Anadai nnapodeki huku juu maji yanapita sakafuni na kulainisha ukuta wake. Mvua ya siku tano haioni, kakiona kitambaa changu cha kudekia. Nikashuka. Kidonda kirefu kama kidole, juu ya vidole viwili vidogo vya mguu wa kushoto. Ana sukari huyu, na mguu wa mtu wa sukari si wa kufanyiwa mchezo. Nilimfunga kitambaa safi. Hakusema ahsante, nami sikungoja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nusrat kaja na mkoba wake wa kazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunitazama au kunipima?"

"Vyote viwili."

"Mama yako wiki nzima kanipigia makelele ya hiyo nukta. Nikiivaa mie, si hatolala kwa furaha?"

"Basi usivae," nikamwambia. "Wenye bahati wako sitini, wanatosha."

Akanitazama, akanyoosha mguu. "Nivishe, mwanangu. Nataka niione ikikosea."

"Haikosei," nikasema.

"Mama, kila kitu hukosea," akasema Nusrat, naye ameinama anasafisha kidonda. Maneno ya unyenyekevu tu hayo. Nimemlea vizuri.

Akabandika bendeji, akasema isifunguliwe siku saba wala isiingie maji. Akampa karatasi. Mardhiya akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Fupi," akasema.

"Mie niliyeandika."

"Nshajua. Mpaka paka wa uchochoro huu wanajua."

Akaikunja akaiweka chini ya mto. Nusrat kesho anakwenda Pemba kwa wagonjwa wa huko, harudi mpaka Ijumaa. Mardhiya macho yake hayafiki miguuni, kwa hiyo kazi ya kutazama kidirisha kila asubuhi nimepewa mie. Daftari la pili lililobaki lingemfaa yeye, lakini rangi yake ntaiandika humu humu. Nusrat aliniomba mbele yake, nisiweze kukataa.

Jumamosi, 12 Aprili

Manjano.

Jumapili, 13 Aprili

Manjano. Hatukuamkiana. Nimetazama, nimetoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Manjano, tena ya kukolea. Leo si nukta peke yake, dirisha zima linang'ara. Nilikwenda Darajani kununua uzi, nikawaeleza wote wawili, muuza uzi na muuza vifungo, kwamba mtu wa sukari kaangukiwa na ukuta mguuni na siku ya nne kidonda ni dhahabu tupu, kwa kazi ya mwanangu. Nikampigia na mwenyewe huko Pemba.

"Dirisha zima, Mama? Si nukta tu?"

Simu ikakatika. Mvua ya huko nayo kubwa. Nilikusudia kumpigia tena.

Jumanne, 15 Aprili

Manjano. Mardhiya anasema mguu unamchoma kama kautia kwenye majivu ya moto. Nikamwambia nukta inasema manjano. Akasema, "Nukta haina mguu." Namjua mie. Anataka Nusrat akirudi amkute anaugulia, aseme kazi yako hii bure. Alisema mwenyewe kwamba anataka kuiona ikikosea.

Jumatano, 16 Aprili

Manjano. Uji niliomshushia hakuugusa. Kasema baridi. Kila mtu anaona baridi, ni masika.

Alkhamis, 17 Aprili

Hapa juu pana neno limekatwa kwa mstari. Ni manjano. Nililiandika asubuhi kabla ya kushuka, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Neno lilishazoea kalamu. Sikulifuta. Nimelikata tu, libaki lionekane.

Saa nne nikahisi kitu kimepungua ndani ya nyumba. Mardhiya hubishana na redio. Kila taarifa ana jawabu lake, na kila siku nayasikia majawabu yake kupitia sakafu. Leo redio ilikuwa ikisema peke yake.

Nikashuka. Yuko kitandani kajikunyata, shuka imeroa jasho, na meno yanagongana. Nikatazama mguu. Kidirisha kati ni manjano. Lakini pembeni, pale bendeji inapogusana na ngozi, pamekuwa pekundu. Si wekundu wa damu. Wekundu wa tofali, wa mate ya tambuu.

Sasa mie nimeshona nguo za maharusi miaka ishirini na mitano. Bibi harusi akisingwa, akisuguliwa mwili mzima, manjano hushika kwenye kanga. Asiyejua akaikamata ile kanga akaipaka sabuni, pale palipokuwa na manjano panageuka pekundu hivyo hivyo, hapohapo, mbele ya macho yake. Hakuna mwanamke wa mji huu ambaye hajapigiwa kelele na mamaake kwa kosa hilo.

"Mardhiya, umeosha kwa sabuni?"

"Nimeambiwa nisitie maji, ntatiaje sabuni?"

"Basi hii nini?"

"Manjano."

"Manjano gani?"

"Manjano, Zeyana. Ya kupikia. Ya kutoka Mangapwani, nimeyachanganya na mafuta ya nazi. Nanyanyua pembe ya bendeji, natia, nabandika. Asubuhi na jioni."

Basi sabuni hapakuwa. Na manjano yamegeuka. Nikasimama pale, na sauti ya mwanangu ikanijia wazi kama amekaa kitandani: vijidudu vikiingia, yanakuwa kama maji ya sabuni. Ile nukta huenda ilikuwa buluu tangu juzi, imezikwa chini ya uji wa manjano, na mie kila asubuhi natazama ule uji, naandika, napanda juu kunywa chai.

Hasira zilinipanda mpaka kichwani. Daftari hili naliandikia ukweli, basi huo ndio ukweli: hofu haikuja kwanza, zilikuja hasira.

"Umekusudia," nikamwambia. "Umetaka kumharibia mtoto. Mtoto wa kaka yako."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ile karatasi.

"Soma."

"Naijua."

"Soma kwa sauti."

Nikasoma. Manjano ni salama.

"Basi mie nimetia manjano," akasema. "Bibi yangu alitia, mama yangu alitia. Nikasema hata huyu mke wa Mlandege leo kaandika neno la maana. Ndiyo mara ya kwanza nimekusikiliza, Zeyana."

Nikampigia Nusrat, na safari hii simu ikashika. Kanambia maneno matatu: hospitali, sasa hivi. Gari haifiki kwenye uchochoro wetu. Wanaume wa msikitini wakamkalisha kwenye kiti wakambeba mpaka barabarani, mie nyuma nimemshikia mwavuli yeye, nimeroa mpaka shimizi. Njia nzima analalamika kwamba mwavuli nnaushika vibaya.

Ijumaa, 18 Aprili

Wamemkata vidole viwili, vile vidogo. Daktari kasema siku moja mbele ingekuwa mguu.

Nusrat karudi na ndege ya asubuhi. Kanihoji mambo ya ule wekundu, kaniandikisha kila kitu, kanga, sabuni, maharusi. "Hilo kweli, Mama," akasema. "Manjano hugeuka kwenye maji ya namna hiyo. Sisi sote na vyeti vyetu hatukulifikiria." Siku nyingine ningelipiga mbiu hilo mpaka Forodhani.

Jumanne, 22 Aprili

Wagonjwa wote wamepigiwa simu. Wanne wengine wametia manjano. Mmoja wa Mtoni aliongeza na asali. Watatu wako salama, mmoja kapelekwa hospitali, ameshikwa mapema.

Nilimwambia Nusrat watu hawajui kusoma. Akasema, "Wamesoma wote, Mama. Wamesoma kilichoandikwa."

Alkhamis, 24 Aprili

Kazi imesimamishwa. Mkubwa wao, Daktari Hafiz, kauliza nani aliandika karatasi, maana yeye aliidhinisha ile ndefu. Nusrat kajibu kwa barua kwamba kaandika yeye. Kanambia hayo tukila, macho yake kwenye samaki.

Nilihisi moyo umeshuka mahali pake, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikamwambia, "Mwanangu una adabu."

"Mama, naomba usinisifu."

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Safu ya rangi tupu.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Mwenye duka la uzi kaniuliza, vipi ile dhahabu? Nikamwambia nna haraka.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kumtazama Mardhiya hospitali na chakula, mchuzi wa pweza, maana cha hospitali anakitukana. Kaonja, kasema chumvi haba, kala wote.

Kisha akasema, "Nusrat alikuja jana. Ati karatasi kaandika yeye."

Nikakusanya vyombo.

"Mtoto muongo yule," akasema. "Sisi upande wetu hatuna uongo. Sijui kamrithi nani."

Nilimchukia, wallahi, kuliko siku ya harusi. Siku ya harusi alisema uongo.

Alkhamis, 8 Mei

Leo kikao cha Nusrat kazini kwao. Nusrat alinikataza kwenda. Nimekwenda. Nilivaa baibui jipya, kwa sababu nikidharauliwa nataka nidharauliwe nimependeza.

Mardhiya naye kaitwa, kama mgonjwa, na mkongojo wake. Tukakaa viti vya nyuma, kimoja tupu kati yetu. Daktari Hafiz ni mtu mwembamba asiyenyanyua sauti, na afadhali angenyanyua. Akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Bi Nusrat, ulipoandika sentensi hii ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilitaka iwe fupi."

"Fupi. Umekulia mji huu, na neno manjano kwako lina maana moja tu?"

Mwanangu akainamisha kichwa. Yeye, aliyeshika nambari moja miaka minne mfululizo. Nikageuka, Mardhiya ananitazama. Hakukonyeza, hakunong'ona. Kakaa na mguu wake wa vidole vitatu, ananitazama tu, kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Nikasimama. "Hajaandika yeye. Nimeandika mie. Yeye aliandika ndefu, nikaikata."

"Na wewe ni nani?"

"Mama yake."

"Kazi yako?"

"Mshonaji."

"Na kwenye utafiti huu una kazi gani?"

Miaka yote nimekuwa na jawabu kwa kila mtu. "Sina," nikasema.

Akaandika kitu. Kisha akamgeukia Nusrat, si mie. "Kwa hiyo kosa la sentensi si lako. Lako ni barua ya uongo." Akaifunga kalamu yake.

Jumatatu, 12 Mei

Uamuzi umetoka. Nukta itaendelea, na wekundu wa manjano utaandikwa kuwa ishara ya hatari nao. Karatasi mpya itungwe na isomwe kwanza na wagonjwa wenyewe kabla ya kuchapishwa. Nusrat haongozi tena. Yuko chini ya mwenzake ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha.

Nilidhani atanishukuru. Kasimama mlangoni na viatu mguuni.

"Uliniuliza, Mama, kabla ya kusimama?"

"Sikukuuliza."

"Na sentensi yangu, uliniuliza kabla ya kuikata?"

"Sikukuuliza."

"Mara mbili," akasema, akashuka ngazi. Chini nikamsikia anamuamkia shangazi yake, na sauti ilikuwa laini.

Alkhamis, 15 Mei

Mvua ndogo. Nusrat hajapiga simu.

Jumanne, 20 Mei

Mardhiya yuko nyumbani tangu Jumamosi. Leo nilimshushia uji, nikamuuliza kilichokuwa kikinikereketa. Kikaoni alikuwa akinitazama nini?

"Nilikuwa natazama kama utabaki umekaa."

"Na ningebaki?"

"Nisingesema kitu. Ulitangaza mwenyewe pale ngazini kwamba maneno ni yako, nakumbuka mpaka saa. Lakini ningenyamaza, nikae nalo." Akakoroga uji. "Kama wewe ulivyokaa na la vitambaa."

Kumbe analikumbuka. Miaka thelathini na moja nimelibeba nikidhani nnalo peke yangu.

"Lilikuwa neno baya lile," nikamwambia.

"Baya," akasema. "Lakini watu walicheka. Uji huu una madonge."

Jumatatu, 26 Mei

Jua limetoka tangu asubuhi. Nimeanika magodoro.

Nusrat kaja na karatasi mpya. Mie kanisalimu, shikamoo Mama, marahaba, basi. Karatasi kampa shangazi yake. "Wewe ndiye mgonjwa. Isome, sema kilichokosa." Kisha akakaa kwenye kigoda.

Mardhiya akaisoma, akairudisha. "Bado ya wasomi hii. Zeyana, chukua kalamu. Macho yangu hayafai kuandika."

Nikamtazama mwanangu. "Niandike?" nikamuuliza.

"Andika anachosema shangazi. Hicho tu."

Nikaandika, Mardhiya akitamka kama anayetoa hukumu. Tazama nukta ndani ya kidirisha. Ikiwa na rangi ya kiini cha yai, subiri.

"Watatia mayai," nikasema.

"Ndiyo maana kuna mstari wa pili. Andika. Ikiwa buluu, au ukiona wekundu wowote, njoo leo. Mguu ukikuuma au ukipata homa, njoo leo, hata nukta ikisema nini. Usitie kitu ndani ya bendeji. Usitie manjano, wala asali, wala mafuta, wala mate, wala dawa ya jirani."

"Ndefu mno, Mardhiya. Hakuna atakayeisoma."

"Mie nna vidole vinane. Andika."

Nimeandika. Nusrat kacheka, kidogo, kwa pua, si kwangu, lakini nilikuwepo. Mardhiya akaitwaa karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akafuata kila neno kwa kidole mpaka chini. Akanirudishia.

"Mwisho hapo," akasema, "umesahau nukta."

Nikaitia.